Ormur Anaandaa Magari Saba

Kabla ya mwaka ule, hakuna mtu bondeni kwetu aliyepata kumwuliza Ormur swali mara mbili. Ulimwuliza mara moja, akakuna kidevu, kisha akakujibu, na jibu likawa ndilo hilo. Alikuwa ameendesha greda la kuondoa theluji barabarani kwa miaka thelathini na minne. Akitazama rangi ya wingu juu ya mlima aliweza kukwambia kama njia ya kwenda mji wa Akureyri ingefungwa kesho au la, na ukimbishia, kesho yake ulilala garini.

Alipostaafu, heshima yote ile aliihamishia kwenye safari yetu. Kila mwezi wa Machi kundi letu hupanda hadi Laugafell, katikati ya nchi, ambako wakati wa baridi hakuna barabara, hakuna alama, ni weupe tu, na theluji unaweza kuzama hadi kiunoni. Kule kuna kibanda cha wasafiri na bwawa dogo la maji ya moto yanayotoka ardhini. Magari saba, watu kumi na nne. Ormur ndiye aliyekuwa akiandaa kila kitu: njia, mafuta, matairi, redio, nani abebe beleshi na nani abebe jeki. Siku ya safari alitangulia yeye, na sisi tukafuata alama za matairi yake. Mimi nimekaa kiti cha abiria katika gari lake miaka tisa, nikiwa nimeshika ramani ambayo hata siku moja hakuitazama.

Mwaka ule alianza maandalizi Februari, kama kawaida, katika gereji yake pale shambani kwake Hvammur, mwisho kabisa wa bonde. Gereji hiyo zamani ilikuwa ghala la nyasi za kondoo. Ilikuwa baridi kiasi kwamba spana zilimganda mkononi, lakini majira yale alikuwa amefunga hita ya dizeli aliyoitoa kwenye mashua ya binamu yake, akapitisha bomba lake la moshi ukutani, na kwa mara ya kwanza alifanya kazi akiwa na shati tu. Alijivunia joto lile kama bwana harusi. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliingia humo na mbwa wake Loppa, akafunga mlango, akatoka jioni.

Wa kwanza kuona kuna jambo alikuwa Ketill. Ketill ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye mdomo, asiyeweza kumaliza kikombe cha kahawa bila kumtania mtu. Siku moja Ormur alimpigia simu asubuhi, akamwambia, "Kila gari libebe lita mia na ishirini." Alasiri akampigia tena.

"Ketill, lita mia mbili kila gari."

"Mzee, asubuhi umesema mia na ishirini."

"Asubuhi? Asubuhi sijaongea na wewe."

"Umeongea na mimi. Umenikatiza nikila."

"Basi nani amekwambia mia na ishirini?"

"Wewe!"

"Mimi siwezi kusema mia na ishirini. Hiyo haikufikishi popote." Kisha Ormur akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia mjini, "Kwani nani analeta mafuta?"

Ketill alitusimulia kisa hicho kwenye sheli, tukacheka mpaka tukamwaga kahawa. Tulidhani Ormur anamchezea shere, maana Ketill alistahili.

Nyumbani hawakucheka. Gunnvör, mke wa Ormur, hukata tiketi kwenye bwawa la kuogelea la kijijini, mwanamke mtulivu asiyependa maneno mengi. Jumamosi moja walikuwa wanakula supu ya kondoo. Ormur alitia mkono mfukoni kutafuta leso, akatoa nati tano za gurudumu, akaziweka mezani kando ya sahani, akaendelea kula.

"Za wapi hizo?" Gunnvör akauliza.

Ormur akazitazama. Akazigeuza moja moja. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Nasema sijui, Gunnvör. Zilikuwa mfukoni."

Asubuhi ile alikuwa amelipeleka gari lake sheli na kurudi, kilomita arobaini. Walitoka wote wawili wakaenda kulitazama. Gurudumu la mbele kushoto, lile tairi kubwa linalofika kifuani mwa mtu, lilikuwa limeshikwa na nati moja tu. Ormur aliigusa, ikazunguka kwa vidole. Alirudi ndani, na supu hakuimaliza.

Sasa ujue kwamba baba yake Ormur alianza hivyo hivyo, na katika umri ule ule, sitini na saba. Alianza kwa kusahau miwani, akaja kutia viatu kwenye jiko la kuokea, na mwisho akawa anawasalimia wanawe kama wageni waliopotea njia. Ormur alimwogesha miaka mitatu ya mwisho. Ugonjwa wenyewe hakuutaja kwa jina, wakati wa baba yake wala mwaka huo ninaousimulia. Lakini Gunnvör alimwona akisimama dirishani akitaja kwa sauti ya chini majina ya mashamba ya bonde, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

Jambo lililomchanganya Gunnvör zaidi ni kwamba hali yenyewe haikuwa na mpango. Mwisho wa wiki iliyofuata walikwenda kwa binti yao Akureyri, wakakaa siku tatu. Ormur alicheza karata na wajukuu, akawashinda wote, akakumbuka kila karata iliyotoka. Alisimulia ajali ya mwaka wa sabini na tisa pamoja na namba ya gari. Gunnvör akashusha pumzi. Jumatatu, njiani kurudi, alimpitisha zahanati moja kwa moja, kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akampa maneno matano ayashike, akamwambia achore saa, ahesabu kurudi nyuma kwa saba saba kutoka mia. Ormur akafanya yote, na maneno matano akayarudisha kwa mpangilio.

"Mzee, kwenye hesabu umenishinda hata mimi," daktari akasema. "Unaumwa kichwa? Kizunguzungu?"

"Hapana," Ormur akajibu. Kichwa kilikuwa kikimwuma kila jioni kwa wiki mbili, lakini kwake yeye mtu hamsumbui daktari kwa kichwa. Akaambiwa arudi Juni.

Gunnvör alifurahi siku mbili. Jumatano alirudi kazini akamkuta mumewe amesimama katikati ya gereji, spana mkononi, uso mwekundu, akilitazama gari lake mwenyewe.

"Hili gari la nani?" akamwuliza.

Baadaye Gunnvör aliniambia kwamba afadhali daktari angesema ni mgonjwa. "Mgonjwa unamjua. Mimi nilikuwa naishi na wanaume wawili, mmoja mzima mmoja haeleweki, na sijui ni yupi atakayekaa mezani."

Ijumaa ya wiki hiyo tulikutana kwenye karakana ya Ketill kupanga njia. Kulikuwa na kahawa, maandazi ya kusokotwa ya mama yake Ketill, na samaki mkavu wa kutafuna na siagi. Ormur alitoka moja kwa moja gerejini kwake, akafika amechelewa, akatandaza ramani mezani. Akaweka kidole Hvammur, akaanza kupanda nacho. Kidole kilipanda vizuri hadi ukingo wa uwanda wa juu, halafu kikakata mashariki, kikapita juu ya ziwa ambalo hata mtoto wa shule anajua haligandi, kwa sababu chini yake kuna chemchemi za moto.

"Mzee, hapo tutaoga kabla hatujafika," Ketill akasema.

Wawili watatu wakacheka. Ormur hakucheka. Alikitazama kidole chake kama kidole cha mtu mwingine.

"Si ndiyo njia yetu?" akauliza. "Si tunapita hapa kila mwaka?"

Mtu mmoja akageukia mambo ya siku ya kuondoka, labda kwa huruma, ndipo ikajulikana kwamba magari matatu yameambiwa Alhamisi na manne yameambiwa Ijumaa, na wote wameambiwa na Ormur. Akakunja ramani polepole, vibaya, akasema anahisi uchovu, akaenda zake. Tulisikia gari lake likiwaka, likakaa pale muda mrefu kabla ya kuondoka.

Ketill alikuwa ameshika andazi hajaliuma. "Mimi simtanii tena," akasema. "Nikimtania tena, mbwa ni mimi."

Ilibidi mtu amwambie asiongoze. Kule juu ukikosea kidogo, gari na watu wake wanaingia kwenye ufa wa barafu au mtoni. Tukamtazama Salvör. Salvör ana miaka arobaini na sita, ana kondoo mia tatu, na ndiye dereva bora wa theluji baada ya Ormur, maana Ormur mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Kwa nini mimi?" akafoka. "Nyie wanaume mna ndevu za nini?"

"Wewe hatakurushia spana," Ketill akamwambia.

"Atanirushia kitu kibaya zaidi. Atakubali."

Alikwenda Jumanne, baada ya kulisha kondoo. Theluji ilikuwa imeanguka siku nne mfululizo na pale Hvammur nyumba zote zilikuwa zimevaa kofia. Gunnvör alikuwa kazini. Salvör alimkuta Ormur gerejini, na badala ya kununa, mzee alifurahi kumwona.

"Funga mlango, joto linatoka! Afadhali umekuja. Shika taa hapa."

Salvör alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, kilomita ishirini na mbili nzima. Lakini mtu akikwambia shika taa, unashika taa. Akajiambia, akimaliza gurudumu hili nitasema. Likaisha gurudumu lile, akajiambia, lijalo. Ormur alikuwa anabadilisha nozeli za upepo, zile ambazo kule juu unazifungulia ili tairi lilale bapa na lielee juu ya theluji badala ya kuichimba.

"Upepo wa barabarani ishirini na nne," Ormur akasema. "Ukifika kwenye theluji laini, tatu. Utatoa ngapi?"

"Ishirini na..." Salvör akaanza, na hakuimaliza. Namba ilikuwa pale, halafu haikuwapo. Akacheka. "Nimechoka, mzee. Kondoo wameniamsha mapema."

"Nipe kumi na tisa."

Akampa spana.

"Hii kumi na saba."

Akampa nyingine.

"Salvör, hii ni ile ile kumi na saba."

"Umesema kumi na saba!"

"Nimesema kumi na tisa."

"Umesema kumi na saba, Ormur, na ndiyo maana watu wote..." Akajizuia. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwa ndani kama mtu anayebisha hodi. Ormur alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tairi, anaitazama spana, anajaribu kukumbuka nani kati yao amesema nini, naye Salvör alikuwa hakumbuki pia.

Loppa alikuwa amelala kando ya hita. Salvör akamwita, ili tu atoke kwenye yale mabishano. Mbwa akainua kichwa, akasimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake na ya mbele upande wake, akalala tena. Amezeeka, Salvör akawaza. Wote tunazeeka. Halafu akaukimbilia mlango, akafika nje akatapika kando ya gari lake.

Akabaki ameinama, mikono magotini. Baridi ilikuwa kali, akaivuta puani mara tano, mara kumi. Kichwa kikaanza kufunguka. Akajiuliza amekula nini. Samaki mkavu na maziwa mgando, vile vile vya kila siku. Ishirini na moja, akawaza ghafla. Unatoa ishirini na moja. Mbona ndani nilishindwa?

Yeye ndiye aliyenisimulia jinsi wazo lile lilivyokuja, na anasema halikuja kwa akili, lilikuja kwa kumwonea mbwa huruma. Ormur, akawaza, ana umri na ana urithi wa baba yake. Mimi nina uchovu. Lakini Loppa naye amepatwa na nini, kwa siku ile ile, chumba kile kile?

Akageuka kuutazama ukuta wa gereji. Alilijua lile bomba la moshi, Ormur alikuwa amemwonyesha Januari kwa majivuno. Halikuonekana. Theluji ya paa yote ilikuwa imeporomoka upande ule ikafika kwenye ukingo wa bati, na mahali pa bomba palikuwa na doa la kijivu tu, kama jicho lililofumba. Moshi wa hita ulikuwa hauna pa kutokea ila kurudi ndani, pamoja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

Akarudi mbio.

"Ormur, toka nje!"

"Bado nozeli mbili."

"Toka! Sasa hivi!"

"Najua ulichokuja kuniambia," Ormur akasema, bila hasira. "Ketill hajui kuficha uso. Umekuja kuniambia nisiongoze. Sema hapa hapa."

"Nitakwambia nje."

"Sema hapa. Mimi si mtoto."

Akajaribu kusimama ili amkabili, akaanguka pale pale. Salvör akayafungua malango yote mawili, akamkamata kwa mikanda ya ovaroli, akamburuta kinyumenyume juu ya saruji, mzee wa kilo tisini na tano, huku akimtukana kwa matusi ambayo anasema aliyajua kwa kondoo tu. Akamlaza kwenye theluji. Akarudi akamtoa mbwa kwa ukosi. Kisha akapiga simu ya dharura, na alipoulizwa jina la shamba, alilisema sawasawa mara ya kwanza.

Ormur alilazwa Akureyri siku mbili, amefunikwa pua na mdomo, anavuta oksijeni. Daktari wa huko alimwambia Gunnvör kwamba alasiri moja zaidi ya namna ile, na milango imefungwa, basi wangezungumza mambo mengine. Walihesabu kwamba bomba lilianza kuzibwa mapema Februari, kidogo kidogo, likazibuka upepo ukivuma, likazibwa tena. Loppa alipona kwenye kiti cha nyuma cha gari la Salvör, akala mkate wake wote wa safari.

Bondeni ilikuwa kama sikukuu. Kila kosa la Ormur lilifutwa. Lita mia mbili? Moshi. Nati za mfukoni? Moshi. Ziwa la maji moto? Moshi! Ketill alirudishiwa ulimi wake. Alimpelekea mgonjwa king'ora kidogo cha kugundua hewa ya sumu, amekifunga utepe mwekundu, akamwambia, "Mzee, hiki kikilia, usikipigie simu kukiuliza nani analeta mafuta." Tukaahirisha safari kwa wiki moja, tukadhani mambo yamekwisha.

Nilimtembelea Hvammur siku ya nne baada ya kutoka hospitali. Alikuwa jikoni na kalenda ya ukutani ameilaza mezani, amechora mistari.

"Hita niliiwasha tarehe ishirini na nane Januari," akaniambia. "Kabla ya hapo haikuwapo. Unaona?"

"Naona."

"Lakini Novemba nilisimama dukani, pale kwenye rafu za unga, kama nusu saa. Sikujua nimefuata nini. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Novemba, hakuna hita, hakuna moshi. Hiyo niiweke wapi?"

"Kila mtu husahau dukani, Ormur. Mimi husahau kila wiki."

"Ndivyo mama yangu alivyokuwa akisema kuhusu baba."

Alinimiminia kahawa, akanisogezea sukari, na mimi miaka tisa situmii sukari, na sikujua nilichukulie hilo kama jambo au si jambo. Nikaitia kikombeni nikainywa.

Tulipokutana tena kwa Ketill, tulimwomba aongoze kama zamani. Alikataa. Alizungumza amesimama, kofia mkononi.

"Nikisema kushoto, nyote mtakwenda kushoto. Hapo ndipo penye taabu. Zamani nilikuwa najua nikiwa sijui. Sasa sijui kama najua. Salvör atangulie. Mimi nitakuwa gari la tatu, na Gunnvör anakuja nami."

Tukageuka kumtazama Gunnvör, ambaye miaka yote ile hajawahi kupanda kule.

"Miaka tisa nimebaki na mbwa," Gunnvör akasema. "Safari hii mbwa abaki na mama yake Ketill."

Maandalizi yakaanza upya, malango ya gereji wazi, nyuzi tisa chini ya sifuri, kila mtu na glavu na sweta mbili. Tulifungua kila gurudumu lililowahi kuguswa na Ormur mwezi ule na kulifunga tena, watu wawili kwa kila gurudumu, mmoja anakaza, mwingine anahesabu kwa sauti. Matairi matatu yalikuwa na nozeli zisizo na moyo ndani, kile kipande kinachozuia upepo usitoke; tungefika nusu ya njia yakiwa chapati. Kamba moja ya kuvutia gari ilikuwa imefungwa fundo ambalo hakuna aliyelijua. Ketill akataka kulikata, Ormur akamzuia, akakaa nalo saa nzima akilitazama, akashindwa kulifungua, akalikata mwenyewe.

Halafu, chini ya benchi, nikakuta sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na mifuko saba ya turubai, kila mmoja na jina la gari kwa mwandiko wa Ormur. Katika kila mfuko: viraka vya tairi vya ukubwa wa gari lile lile, fyuzi zake, kiberiti ndani ya mpira kisiingie maji, karatasi ya masafa ya redio, na mchoro wa njia. Nikaupeleka mchoro kwenye mwanga. Njia ilikuwa sahihi. Ilipita magharibi ya ziwa, mbali kabisa, na mahali pa kuvuka mto palitiwa alama mbili na maandishi madogo: *hapa shukeni mpime kwa fimbo*.

"Umeviandaa lini hivi?" nikamwuliza.

Ormur akauchukua mfuko mmoja, akautoa kitu kimoja kimoja, akavirudisha. Chini ya kila karatasi palikuwa na tarehe: siku mbili kabla ya ule mkutano wa kwanza, siku zile zile ambazo alikuwa hajui hata gari lake ni la nani.

"Sivikumbuki," akasema. "Mwandiko ni wangu. Lakini huyu aliyefanya kazi hii, simkumbuki." Akanitazama kama mimi ndiye nitakayemweleza. "Kazi yake nzuri."

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, jua limechomoza jekundu nyuma ya mlima. Lami ilipoisha na theluji ikaanza tulisimama wote saba, tukashuka kupunguza upepo, na kwa muda wa dakika kumi hapakusikika kitu ila matairi yakitoa pumzi. Mimi nilikuwa nimehamia gari la Salvör. Nilimwona Ormur gari la tatu, amepiga goti kwenye tairi na kipimo mkononi, Gunnvör amesimama juu yake anarudia namba kila anapoitaja. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Nane. Nane. Tatu. Tatu, Ormur, funga.

Saa sita mchana, juu ya uwanda, ukungu na theluji vikachanganyika, chini na juu vikawa kitu kimoja. Salvör akasimamisha gari. Kwa kifaa cha satelaiti mto ulikuwa mbele yetu, mita mia mbili au pungufu, lakini theluji ilikuwa imeuziba na mahali pa kuvukia hapakuonekana. Akashika redio.

"Ormur, unanipata? Tukate kushoto au kulia?"

Redio ikakwaruza. Magari saba yakasubiri. Najua kila mmoja wetu alitamani kuisikia ile sauti ikisema neno moja, kama zamani, tuondoke.

"Sijui," Ormur akasema. "Salvör, sijui. Tushuke tupime."

Tukashuka watu sita na fimbo ndefu za chuma, tukajifunga kamba, tukatembea mbele tukichoma theluji kila hatua. Ormur alikuwa katikati ya kamba. Kushoto fimbo ya Ketill ikazama yote, mkono ukaifuata hadi begani, na tulipomvuta tukasikia maji chini yake. Kulia palikuwa pagumu. Ilituchukua saa mbili kuvusha magari saba.

Laugafell tulifika anga limefunguka, tukachemsha nyama ya moshi, tukaingia majini, vichwa vimeganda barafu na miili imeiva. Gunnvör alikaa ukingoni miguu majini, akimwuliza mumewe majina ya vilima. Vingine alivitaja. Kimoja alikitazama sana, akasema kimemponyoka. Mimi pia sikukijua, wala Salvör hakukijua, na mpaka leo sijaangalia kwenye ramani kama kina jina.

Juni alirudi kwa yule daktari kijana. Safari hii alisema yote, kichwa, moshi, na Novemba. Katika maneno matano alikosa moja. Daktari akasema vijana nao hukosa moja, na akampa tarehe nyingine ya Desemba. Gunnvör alimwuliza daktari neno moja maana yake nini. Daktari akasema bado ni mapema kusema maana yake.

Hita ile Ormur aliing'oa mwenyewe akairudishia mashua. Sasa anafanya kazi malango yakiwa wazi, na spana zinamganda mkononi. Mifuko saba ya mwaka huu tumeiandaa pamoja, yeye na mimi, na kila tunapofunga mmoja ananiambia niufungue nihesabu tena.